Mlima Hutoa Dalili Kabla ya Kuporomoka

 

Usiku wa tarehe 22 Novemba 2019, kule Pokot Magharibi, mvua kubwa ilinyesha, ardhi ikaporomoka na kufunika watu wakiwa wamelala. Zaidi ya 40 walikufa. Wengi wetu tukasema, "Ni mapenzi ya Mungu." Lakini Mungu huyo huyo ametupa akili.

Mlima hauanguki hivi hivi tu. Maji ya mvua huingia udongoni. Yakizidi, husukuma chembe za udongo mpaka zinaachana. Ndipo unateleza. Kule Munnar, jimbo la Kerala nchini India, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Amrita walichimba mashimo mlimani, wakatia vifaa vidogo vya kupima msukumo wa maji na mwendo wa udongo. Vifaa hivyo hupeana habari kwa redio, bila waya, mpaka kituoni. Julai 2009 mvua ilipozidi, vilionyesha hatari, na onyo likatolewa.

Je, sisi tungoje mitambo? La! Hata onyo likija, litatufaa nini kama hatujui pa kukimbilia? Kila jumuiya ndogo ikubaliane sasa: nani atapiga kengele, nani atambeba nyanya asiyeweza kutembea, na tutakusanyika wapi. Ukiona ufa mpya mlimani, miti iliyoanza kuinama, au chemchemi imegeuka tope ghafla, usingoje asubuhi. Mwamshe jirani, mwondoke.