Mzazi na Mwalimu Wasikutane Siku ya Kosa Tu



Tunapozitembelea familia katika jumuiya zetu, tunasikia malalamiko mawili. Mwalimu husema, "Wazazi wametutupia watoto." Mzazi naye hujibu, "Shule huniita kwa mchango au kwa kosa, basi." Wote wana sehemu ya ukweli, na kati yao amesimama kijana wa miaka 15 ambaye hakuna aliyemwuliza neno.

Kijana haachi shule kwa siku moja. Kwanza huchelewa, kisha hukosa Jumatatu, halafu kila siku yenye kipindi cha hisabati. Asubuhi huondoka nyumbani amevaa sare, hivyo mama hana shaka. Shuleni jina lake huwekewa alama ya utoro. Nusu ya habari iko kwa mama, nusu kwa mwalimu wa darasa. Wasipokutana, anayekuja kuijua yote ni kijana wa bodaboda anayempakia.

Hapo ndipo viboko hutumika, nasi wazazi mara nyingi tumevishangilia. Lakini kiboko hakiulizi kama mtoto amelala njaa.

Tufikirie pia mabinti zetu. Kwa miaka mingi hapa Tanzania aliyepata mimba alifukuzwa shule. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba anaweza kurudi masomoni baada ya kujifungua. Ni jambo la haki, lakini tangazo halilei mtoto mchanga. Yampasa bibi akubali kubaki na mjukuu, na mwalimu azuie dhihaka darasani. Hayo hayana budi kupangwa kabla binti hajarudi. Tumeona nyumba ambako sare ya binti ilikwisha kupewa mdogo wake, maana baba hakujua kwamba mlango umefunguliwa.

Kwa hiyo tunaomba mzazi amwone mwalimu wa darasa walau mara moja kila muhula, bila kuitwa. Mwalimu naye, kijana akikosa siku tatu, ampigie mzazi simu kabla ya kuandika barua ya onyo. Wakikutana, kijana awepo, tena aanze yeye kusema. Wengine watadai huko ni kumdekeza. Sisi twaona anayedekezwa ni yule asiyeulizwa alikuwa wapi.

Wapo wazazi wanaoogopa kwenda shuleni, hasa wasiojua kusoma. Viongozi wa jumuiya, tunawaombeni mwandike majina ya walio tayari kufuatana nao.