Nani Anainunua? Mada kuhusu Ulinzi wa Pikipiki Nakuru na Bonde la Ufa la Kati

Mwenyekiti, viongozi wa steji, madereva wenzangu, mafundi, na akina mama mliokuja kwa sababu pikipiki ni zenu ingawa vijana ndio wanaoziendesha, nimepewa nusu saa nizungumze juu ya wizi wa pikipiki, na nitaanza na tangi hili lililo mezani.

Tangi hili ni langu. Jumapili moja ya mwaka 2015 nilimkimbiza mama mjamzito hospitalini. Nikafunga usukani, nikachomoa ufunguo, nikamshika mkono yule mama hadi mlangoni. Sidhani nilimaliza dakika saba. Niliporudi, pale nilipoegesha palikuwa na tone la oili na kipande cha chuma kilichong'aa, hakizidi ncha ya kidole. Ilikuwa pini ya kufuli ya usukani, imekatika. Pikipiki ilikuwa na miezi mitano tu tangu itoke dukani, na mkopo wake ulikuwa umebaki zaidi ya mwaka. Niliulipa wote. Kila Jumatatu nilituma pesa za pikipiki nisiyokuwa nayo, nyumbani chai ikinywewa ya rangi.

Miezi minane baadaye nilikuwa kwa fundi mmoja huko Molo, nikaona tangi jeusi kwenye pikipiki ya mtu. Lilikuwa limebonyea upande wa kushoto. Nililijua lile bonyeo kama ninavyojua kovu la mguu wangu, kwa maana nililipata Mau Narok nilipoanguka na magunia ya viazi juu ya jiwe. Nikaomba tufungue kifuniko. Chini ya ukingo, pale ambapo brashi haikufika, rangi yangu nyekundu ilikuwa bado ipo.

Mwenye pikipiki ile hakuwa mwizi. Ni mchuuzi wa maziwa, baba wa watoto, mtu wa kanisa. Tangi lake lilikuwa limeoza, akauziwa hili kwa bei ya kutupa, hakuuliza limetoka wapi. Nami nakiri mbele yenu kwamba kabla ya siku ile nilikuwa nimenunua taa na kioo kwa njia hiyo hiyo. Mwizi alihitaji dakika saba. Kazi iliyobaki tuliifanya sisi, watu wa heshima. Kwa hiyo kila tunapouliza pikipiki inaibwaje, hatuna budi kuuliza pia nani anainunua.

Niseme kwanza kuhusu kufuli, maana najua wengi mmekuja kwa ajili hiyo. Kufuli ya usukani ni pini nyembamba. Mtu mwenye nguvu akiusukuma usukani kwa mguu, inakatika, na nyaya za swichi zinaunganishwa kabla hujapanda ngazi za benki. Tufunge usukani, ndiyo, lakini tusiuhesabu kuwa ulinzi. Kufuli za diski zinazotangazwa hazitufai wengi wetu, kwa sababu breki ya mbele ya pikipiki zetu nyingi ni ya dramu, na kufuli haina pa kushika. Nunua mnyororo mnene. Usiufunge kwenye gurudumu la mbele, kwa kuwa gurudumu hilo hutoka kwa spana. Upitishe kwenye gurudumu la nyuma na fremu, kisha uuzungushe kwenye nguzo au chuma kilichozikwa. Tena usiuache ukalala chini. Mnyororo uliolala sakafuni umempa mwizi fuawe: anauwekea patasi na kupiga nyundo. Ukining'inia, nyundo inakosa mahali pa kutua.

Swichi ya siri inayokata umeme wa plagi ni nzuri na gharama yake ni ndogo. Tatizo ni kwamba mafundi wengi huiweka chini ya kiti, na kila mwizi analijua hilo. Mwambie fundi unayemwamini aiweke pengine, msimame wawili tu. Traka nayo inasaidia, ila si malaika mlinzi. Ina laini ya simu inayoishiwa data, inategemea waya wa betri, na ukishuka kwenye mabonde mengine mtandao unapotea. Ikikuonyesha pikipiki iko mahali, usiende peke yako. Kwanza nenda kituo cha polisi, uandikishe, upewe namba ya OB, kisha mwende pamoja.

Hayo yote hukupa muda, na muda ni kitu kikubwa katika mji kama wetu. Nakuru ni njia panda. Ndani ya nusu saa mwizi anaweza kuwa Njoro, Rongai au Bahati. Barabara kuu inampeleka Naivasha upande mmoja na Salgaa upande wa pili, nyingine inashuka Mogotio kuelekea Marigat. Ukimchelewesha dakika kumi Kaptembwa, umewapa wenzako nafasi ya kupigiana simu kabla hajatoka mjini. Ndiyo maana naomba kila steji iwe na mawasiliano na steji zilizo kwenye barabara za kutokea, si jirani zake wa mtaani pekee.

Kuna wizi mwingine ambao mnyororo hauuzuii, ule wa abiria. Mnaujua. Ni saa nne usiku, mteja amevaa vizuri, anataka kwenda Pipeline, hapunguzi bei. Mkifika anasema ingia ndani kidogo, ni pale kwenye taa. Pale kwenye taa wako wenzake. Au anakuja mchana, mpole, anakununulia soda mkiwa mnamsubiri mtu, na soda ina mchele, yaani dawa ya kulevya. Ndugu zangu, tumezika vijana kwa ajili ya vyuma. Dereva wa usiku asitoke stejini bila mwenzake kumwona abiria, kuandika saa na mwisho wa safari daftarini, na kuwa na namba ya simu ya abiria huyo iliyopigwa ikaita. Mteja mwema hatakasirika. Vinywaji vya wateja tuvikatae kwa adabu. Na wakikuzingira, shuka uwape pikipiki. Akina mama wenye pikipiki, nawasihi muwaambie vijana wenu maneno haya ninyi wenyewe kwa mdomo wenu, maana wengine hupigana wakiogopa kurudi kwenu mikono mitupu.

Sasa nirudi kwenye tangi. Tangu serikali ilipoondoa kodi mwaka 2008 kwa pikipiki za chini ya cc 250, zimejaa kila kijiji, na aina zinazotembea ni chache: Boxer, TVS, na nyingine mbili tatu. Tangi la moja linaingia kwenye maelfu. Huo ndio utamu wa mwizi. Pikipiki nzima ina namba ya chasisi kwenye shingo ya fremu na namba ya injini kwenye kasha lake, nayo inaweza kutafutwa. Ikishafunguliwa, tangi, rimu, shokamzoba na kabureta havina jina. Uingereza waliliona tatizo hili, na tangu 2013 watengenezaji kadhaa wakubwa wamekuwa wakitia alama za siri kwenye vipande vya pikipiki mpya ili polisi wajue kila kipande kimetoka wapi. Sisi hatuna haja ya mitambo ya namna hiyo. Vyuma vya kugongea herufi na namba vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na steji moja inaweza kuchanga ikanunua seti moja. Gongeni herufi za steji na namba ya mwanachama kwenye mkono wa nyuma wa fremu, kwenye habu za magurudumu, na kwenye mshono wa chini wa tangi, likiwa limefunguliwa na kumwagwa mafuta. Msiguse namba ya chasisi wala ya injini. Kuzichezea hizo ni kosa.

Alama peke yake haitoshi kama fundi haitazami. Mafundi, ninyi mna uwezo ambao polisi hawana. Kila kipande kilichotumika hupita mikononi mwenu. Nawaomba muweke daftari la spea kuukuu: nani ameleta, namba ya kitambulisho, simu, alama iliyoonekana. Anayekataa kuandikwa, msinunue kwake. Najua mtapoteza pesa wiki za mwanzo.

Na kwa wanunuzi, sheria ina jambo ambalo nilipolisoma nililirudia mara mbili. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kuiba gari au pikipiki kuna kifungo cha hadi miaka 7, chini ya kifungu cha 278A. Kupokea mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kujua, kuna kifungo cha hadi miaka 14, chini ya kifungu cha 322. Mara mbili! Waliotunga sheria walijua nani anamlisha mwizi. Kwa hiyo pikipiki ya mkono wa pili isinunuliwe kwa karatasi ya daftari yenye sahihi mbili na jina la shahidi. Tafuta namba yake kwenye huduma za NTSA kupitia eCitizen, ulinganishe namba ya chasisi kwa macho yako, na uhamisho ufanyike huko huko, muuzaji akiuanzisha na wewe ukiukubali. Sheria ya Trafiki inakataza pikipiki iliyobadili mikono kuendeshwa barabarani kupita siku 14 kabla mmiliki mpya hajaandikishwa. Wangapi hapa tunaendesha kwa jina la mtu tusiyejua anaishi wapi? Siku ikiibwa, utaambiaje polisi kwamba ni yako? Kuhusu bima nitasema kwa ufupi: ile ya mtu wa tatu, ambayo wengi tunayo, hailipi pikipiki ikiibwa.

Kuna neno ambalo nimekuwa nikilikwepa, na viongozi wa steji wataniwia radhi. Nilipompata yule mchuuzi wa Molo, alinipeleka kwa fundi aliyemuuzia tangi. Fundi akatetemeka, akamtaja kijana aliyemletea. Tulikuwa tumebakiza mlango mmoja. Kumbe kijana huyo alishikwa miezi miwili kabla na pikipiki nyingine, stejini, akachomwa kwa tairi na petroli. Alijua fremu yangu iko wapi. Alijua nani humpa oda, nani humfungulia pikipiki usiku, gari gani hubeba vipande. Yote yakaungua naye. Waliokuwa wakinunua kwake walimpata mwingine, na wizi haukupungua hata wiki moja. Naye alikuwa na mama. Nilimwona.

Sheria inaturuhusu raia kumkamata mtu anayefanya kosa kama hili mbele ya macho yetu, na inatutaka tumkabidhi kwa polisi bila kukawia. Mkimshika, mketisheni, mpigeni picha, si makofi. Nendeni naye kituoni watu wengi, mwenye pikipiki atoe taarifa, mashahidi waandikwe majina. Najua mtaniambia ataachiliwa kesho. Mara nyingi kesi hufa kwa sababu sisi mashahidi hatufiki kortini, tukihofia kupoteza hesabu ya siku. Steji iweke kwenye katiba yake kwamba mwanachama anayekwenda kutoa ushahidi atachangiwa hesabu yake ya siku hiyo.

Fremu yangu sijaipata hadi leo. Tangi yule mchuuzi alinirudishia mwenyewe, akapoteza pesa zake, na tangu hapo tumekuwa marafiki. Ameketi pale nyuma. Seti ya vyuma vya kugongea namba iko hapa mezani karibu na tangi, pamoja na nyundo, na fundi mmoja amekubali kutuonyesha pembe ya kushika isije ikapasua mshono. Tutaanza na hili langu, ni kavu. Baada ya chai, steji itakayokuwa ya kwanza kujiandikisha iondoke na seti hiyo.