Chanjo ni Bure, Nauli Si Bure

Maneno ya mazungumzo kuhusu chanjo za watoto, kwa wakazi wa Kitui na Makueni



Mtoto akizaliwa hospitalini hutakiwa kupata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio mara moja. Hapo shida si kubwa, kwa kuwa mama tayari yuko kituoni. Kazi huanza baadaye. Mtoto huyo anatakiwa kurudi akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, kisha miezi 9 na miezi 18 kwa chanjo ya ukambi, yaani surua, na rubela. Hizo ni safari 5, mbali na vitamini A ya miezi 6. Katika kituo cha serikali chanjo hizi hazilipiwi. Safari hulipiwa.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Idadi hizo zinakaribiana, lakini Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, karibu mara nne ya Makueni. Mama wa milima ya Mbooni au Kilungu ana majirani tele na kituo si mbali sana. Mama wa Tseikuru au Mutha huenda akatembea asubuhi nzima, mtoto mgongoni. Akipanda bodaboda, nauli ya kwenda na kurudi yaweza kumeza ujira wa kibarua wa siku nzima. Na siku hiyo hiyo hakuna aliyemchotea maji.

Kalenda ya shamba nayo haingoji. Mtoto aliyezaliwa Mei hutimiza miezi 9 Februari, wakati ndengu zinavunwa na maembe ya Makueni yako sokoni. Familia inayotegemea mavuno hayo kulipa karo haiwezi kulaumiwa kwa kusema, “Tutaenda wiki ijayo.” Ila wiki ijayo huwa mwezi ujao, na mtoto anaonekana mzima. Hata hivyo, dozi ya miezi 9 pekee hukinga takriban watoto 85 katika kila 100. Waliobaki hutegemea ile ya miezi 18, nayo ndiyo husahaulika zaidi.

Kuna pia watoto wanaolelewa na susu, mama akiwa amekwenda Nairobi au Mombasa kutafuta kazi. Mara nyingine Kijitabu cha Mama na Mtoto kimebaki kwenye begi la mama mjini, naye susu anaogopa kwenda kliniki mikono mitupu asije akakemewa. Aende tu. Kituo huweka rejista, na mtoto aliyechelewa huendelea pale alipoachia, haanzi upya. Baba naye anaweza kumpeleka mtoto. Hakuna sheria inayosema kliniki ni ya akina mama, ingawa ukitazama foleni utadhani ipo.

Jambo moja huwaudhi wazazi kuliko yote: mama anafika, anaambiwa arudi siku nyingine kwa kuwa watoto ni wachache. Huo si uvivu wa muuguzi. Chupa moja ya chanjo ya ukambi ina dozi 10, na ya kifua kikuu huwa na dozi 20. Ikishachanganywa na maji yake, ni lazima itumike ndani ya saa 6 au imwagwe. Mahali penye watu wengi chupa huisha mapema. Kwenye zahanati ya kijiji kilichotawanyika, watoto 2 wanaweza kufunguliwa chupa na dozi 8 zikamwagwa. Muuguzi anahofia kuishiwa kabla ya mwezi kwisha. Mama naye ameshalipa nauli. Lakini kati ya hasara hizo mbili, dozi kumwagwa ni nafuu kuliko mtoto kurudi nyumbani bila chanjo, maana mama aliyerudishwa mara moja huenda asionekane tena.

Mhudumu wa afya ya jamii anawajua watoto wa kila boma. Wazazi wanaweza kumpa tarehe za watoto wao, naye akaulizana na zahanati siku ya kufungua chupa, ikiwezekana siku ya soko, wakati magari yapo na wengi wanasafiri hata hivyo. Vikundi vya mwethya na vyama vya akina mama vinaweza kuchangia bodaboda ya pamoja. Watoto 10 wakifika asubuhi moja, chupa inaisha na hakuna anayerudishwa.