Lugha Isiyo na Kesho? Tahadhari kwa Wanaoandika Habari za Wasagalla

Vijana mnaokusanya maneno ya Kisagalla, lugha yetu ya huku Taita: nimeombwa nizungumzie lugha na utamaduni. Nitashika jambo moja tu, nalo ni ile tabia ya kuokota kipande cha sarufi ya watu na kutangaza kwamba hivyo ndivyo wanavyofikiri.

Wajapani wameandikwa sana kwa mtindo huu, na mara nyingi wameandikana wenyewe. Mwaka 1978 daktari Tadanobu Tsunoda alitoa kitabu kilichodai kwamba ubongo wa aliyekulia katika Kijapani hupokea milio ya wadudu upande wa kushoto, ule ule wa lugha, tofauti na watu wa Magharibi. Kitabu kiliuzwa mno. Watafiti wengine walipoyarudia majaribio hawakuyaona matokeo hayo. Wala si lugha tu: mwaka 1987 mwanasiasa Tsutomu Hata, aliyewahi kuwa waziri wa kilimo na baadaye akawa waziri mkuu, alieleza kwamba matumbo ya Wajapani ni marefu kiasi kwamba hayawezi nyama nyingi ya ng'ombe. Wakati huo Marekani ilikuwa ikiibana Japani ifungue soko lake la nyama. Ukishajua hilo, urefu wa matumbo unaeleweka.

Tunacheka, lakini letu tunalo. Mwaka 1969 John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alichapisha kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Humo alipanga nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, akaona wakati ujao unaishia karibu: miaka miwili hivi, basi. Akahitimisha kwamba kwa Mwafrika wakati hurudi nyuma kuelekea zamani, na mbele karibu hakuna kitu. Nia yake haikuwa dharau. Alikuwa mwanatheolojia, na alitaka kueleza kwa nini mahubiri ya wamishonari juu ya siku za mwisho yalipokewa vingine kabisa Ukambani. Ila kutoka lugha mbili za jirani aliruka akatua juu ya bara zima. Kwasi Gyekye wa Ghana alimjibu mwaka 1987 kwa ushahidi wa lugha ya Kiakan. Kwa bahati mbaya dai lilikuwa limeshatoka chuoni, na hadi leo utalisikia kwenye mikutano ya miradi: watu hawa hawajui kupanga, hata lugha yao haina kesho.

Sasa sikilizeni kichekesho. Mwaka 2013 mchumi Keith Chen alichapisha makala iliyodai kinyume chake. Lugha zisizolazimisha alama ya kisarufi ya wakati ujao, Kijapani kikiwamo, eti huwafanya wasemaji waweke akiba zaidi, kwa sababu kesho wanaiona kama leo. Kwa hiyo Mkamba akikosa kesho katika kitenzi ni mzembe. Mjapani akiikosa ni mweka akiba hodari! Na sisi wenye “-ta-” ya Kiswahili, ambayo mtoto wa shule anaijua, tungepaswa kuwa wafujaji. Mwaka 2015 Chen mwenyewe, pamoja na Seán Roberts na James Winters, walipima upya wakizingatia kwamba lugha zina udugu na ujirani, na uhusiano ule ukadhoofika sana. Nampa heshima yake kwa kukubali kupimwa upya. Wengi hawakubali.

Anayetaka kujua kama Msagalla anaifikiria kesho asianze na kitenzi. Ateremke Sagalla ya chini, kwenye mashamba ya mahindi, kunde na pojo yanayopakana na njia za ndovu wa Tsavo. Tangu 2009 wakulima huko, pamoja na watafiti wa ndovu, wamekuwa wakizungushia mashamba uzio wa mizinga. Mizinga hutundikwa kila baada ya mita kumi na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Lakini huwezi kumwamuru nyuki aingie. Mkulima hutundika mzinga mtupu, akangoja mvua, akangoja maua, na kiangazi kikikaza nyuki huhama, naye huanza tena. Nani atasema huyu haoni mbele?

Kuna dai jingine la hapa hapa: kwamba Kisagalla ni Kidawida, lugha ya jirani zetu, kilichoharibika. Wengine husema ni Kigiriama kilichopotea njia. Wanaisimu wengi hukihesabu kuwa lugha kamili, na Christopher Ehret na Derek Nurse walionyesha mwaka 1981 kwamba Kidawida na Kisagalla vimebeba maneno ya lugha mbili za Kikushi ambazo sasa zimekufa. Yaani waliozisema walimezwa na wenzetu, wakawa sisi. Anayetafuta hulka moja safi ya Mtaita iliyofichwa ndani ya sarufi ataitafuta katika damu ya watu gani?

Ombi langu kwa vijana wa daftari ni dogo. Andikeni sentensi nzima jinsi ilivyosemwa, na umri wa msemaji, na kijiji chake. Mkisikia mtu anasema “Wasagalla hawana neno la jambo fulani”, ulizeni kwanza jirani zetu wa Dawida na Kasigau wanasemaje, kisha mwulizeni aliyetoa dai hilo ana faida gani nalo. Kabla ya hapo msiliandike.