Barua Pepe Inayouza: Mada kwa Vikundi vya Wajasiriamali wa Kata

(Mada iliyotolewa na Afisa Mawasiliano wa Halmashauri kwa vikundi vya wajasiriamali)



Kama mjuavyo, sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba, lakini ina marejesho, na marejesho hutoka katika mauzo. Kikundi kisichouza hakirejeshi. Na kisiporejesha, kikundi jirani kinachosubiri zamu yake hukosa.

Wateja wakubwa, yaani shule, hoteli na maduka ya mjini, aghalabu huwa na mtu mmoja anayeshughulikia manunuzi. Huyu husoma barua pepe katika simu, kati ya kazi moja na nyingine. Kabla ya kuifungua huona mambo mawili: jina la mtumaji na kichwa cha barua. Kwa hiyo, anwani ibebe jina la kikundi, si jina la utani. Na kichwa kitaje bidhaa. Kichwa kinachosema “Habari” hakimwambii mnunuzi lolote.

Tuchukue mfano wa kikundi kinachosindika asali. Barua nyingi huanza na historia ya kikundi, zikafuata shukrani, na bei isionekane kabisa. Linganisheni na hii:

“Kichwa: Asali ya nusu lita kwa hoteli yako, shilingi 8,000. Ndugu Meneja, sisi ni wanawake 10 tunaosindika asali katika kata hii. Tunazo chupa 60, zenye alama ya ubora ya TBS, nasi huzifikisha mjini kila Ijumaa. Je, tukuletee chupa 2 za kuonja Ijumaa hii? Tafadhali jibu barua hii, au piga simu kwa namba iliyo hapa chini.”

Barua hiyo ina bidhaa, bei, kiasi kilichopo, siku ya kufikisha na ombi moja tu. Mnunuzi anaweza kujibu kwa neno moja. Angalizo: msiandike alama ya TBS kama hamjaipata, wala msitaje chupa 60 ilhali ghalani zipo 20. Ahadi isiyotimizwa humpoteza mteja moja kwa moja. Picha iwe moja, iliyopunguzwa ukubwa, isije ikamaliza bando la mpokeaji.

Jambo la pili ni la kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara. Hivyo, msinunue wala kuazimana orodha za anwani. Mwombeni mteja anwani yake mwenyewe, na mwelezeni mtaitumia kwa nini. Mwisho wa kila barua andikeni: “Kama hutaki kupokea barua zetu, tujulishe tukuondoe,” na akisema, mwondoeni siku hiyo hiyo. Mnapowaandikia wengi kwa pamoja, wekeni anwani zao katika sehemu ya nakala iliyofichwa, ili mteja mmoja asione anwani za wenzake.

Asipojibu, subirini juma moja, kisha mkumbusheni mara moja tu kwa sentensi mbili. Akinyamaza tena, mwacheni. Huenda akahitaji msimu ujao, naye atawakumbuka kwa staha yenu.

Mwisho, kila kikundi kimteue mtu mmoja wa kufungua barua asubuhi na jioni. Oda iliyokaa siku tatu bila kujibiwa huenda kwa muuzaji mwingine.