Gumba Linaloshika Kazi ya Dramu

(Maneno ya kikundi cha muziki, yaliyosomwa mbele ya Kamati siku ya kumbukumbu)



Sisi tuliotoka Minago, kwenye barabara ya Bujumbura hadi Rumonge, wengi wetu tuliingia Tanzania mwaka 2015 kupitia Kagunga, tukapakiwa katika meli ya Liemba hadi Kigoma. Ngoma hazikupakiwa. Kikundi chetu kina gitaa moja la solo, moja la besi, na amplifaya inayotumia betri ya gari. Dramu hatuna, na asubuhi ya leo wengi mmetuuliza mlio ule wa dramu ulitoka wapi.

Ulitoka kwenye besi. Kule nyumbani tulipiga besi kwa namna ya rumba ya Kongo, iliyotufikia kutoka ng'ambo ya ziwa: vidole viwili vinavuta nyuzi, mlio mzito, na nafasi katikati. Namna hiyo hatuitupi. Bila hiyo sebene haichezeki. Lakini inamtegemea mpiga dramu.

Hii mpya ni tofauti. Ubavu wa gumba, pale penye mfupa, unapiga uzi mnene karibu na mwisho wa shingo ya gitaa na kuruka mara moja. Ukikawia, mlio unakufa. Kidole cha shahada kinanasa uzi mwembamba kwa chini na kuuachia, nao unachapa shingo: pa! Gumba ni dramu kubwa, shahada ni ile ndogo. Mkono wa kushoto ukilaza vidole juu ya nyuzi bila kuzikandamiza, tunapata kayamba.

Namna hii ilienezwa na Mmarekani Larry Graham. Miaka ya 1960, huko California, alipiga pamoja na mama yake aliyekuwa kwenye piano. Mpiga dramu alipoondoka, akaziba pengo kwa gumba. Baadaye dunia ikamsikia katika Sly and the Family Stone. Wazee wanaosema huu ni muziki wa wahuni tunawaomba waelewe kwamba ulizaliwa katika upungufu kama wetu, tena mbele ya mama mzazi. Na mpiga ikembe wa kwetu anatumia nini, kama si magumba?

Sasa, mpiga besi wetu ameandikisha jina kurudi Burundi. Hatumzuii, ziwa ni lake na mikeke inamngoja. Ila mkono wa pili kama ule hatuna. Vijana wanne wameanza kujifunza, wawili wao wasichana. Mmoja tayari anashika mapigo, ingawa gumba limetoka malengelenge. Nyuzi zimechakaa, na ule mnene ukikatika masomo yamekwisha.

Ndugu wa mashirika, dramu msituletee mwaka huu. Tunaomba seti mbili za nyuzi za besi, na betri ichajiwe mara mbili kwa wiki. Kwa Kamati, tunaomba chumba cha darasa la sita kila Jumamosi kuanzia saa tisa, isipokuwa siku ya mgao. Mzazi mwenye shaka aje Jumamosi hii, akae karibu na spika.