Majalada Kumi na Tisa

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma



Tarehe 25 Februari 2000, katika hospitali ya St Mary's jijini London, alifariki mtoto wa kike wa miaka minane aitwaye Victoria Climbié. Hakuwa Mwingereza. Alizaliwa mwaka 1991 karibu na Abidjan, nchini Kodivaa, katika familia yenye watoto saba. Mwaka 1998 wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake, aliyekuwa akiishi Ulaya na ambaye aliahidi kumsomesha huko. Hapana mzazi wa Tanzania atakayeshangazwa na jambo hilo. Tangu Kigoma hadi Pemba mtoto hulelewa na shangazi, mjomba, bibi au jamaa wa mjini mwenye uwezo, na kwa desturi hiyo maelfu ya watu wamepata elimu, wakiwamo hapana shaka wengi wanaoshika chaki na kalamu za Serikali leo. Wazazi wa Victoria walitenda walilotenda kwa mapenzi na kwa imani. Ila mtoto yule, aliyevuka bahari kwenda kutafuta shule, alikaa Uingereza kwa miezi kumi bila kuingia darasani hata siku moja. Madaktari waliouchunguza mwili wake walihesabu majeraha na alama 128. Mlezi huyo na mwanamume aliyekuwa akiishi naye walihukumiwa kifungo cha maisha Januari 2001.

Ukatili wa watu wawili ni jambo la mahakama, na mahakama ilikwisha kulimaliza. Linalowahusu watumishi wa umma ni jambo jingine. Katika miezi hiyo kumi Victoria hakuwa amefichika. Alipita katika hospitali mbili, katika idara za ustawi wa jamii za mitaa kadhaa ya London, katika ofisi za nyumba na mikononi mwa polisi wa kulinda watoto. Serikali ya Uingereza iliunda tume chini ya Lord Laming, na taarifa yake iliyotolewa Januari 2003 ilionyesha kwamba zilikuwapo nafasi zisizopungua 12 ambazo mtumishi fulani angeweza kumwokoa mtoto huyo kwa hatua za kawaida kabisa.

Katika mtaa wa Haringey jalada la Victoria lilipewa afisa kijana ambaye hakuwa na muda mrefu tangu ahitimu mafunzo. Utaratibu wa idara yenyewe uliweka kikomo: afisa mmoja asibebe zaidi ya mashauri 12. Yeye alikuwa nayo 19. Katika muda wote alioshika shauri hilo, mazungumzo yake na Victoria hayakufika nusu saa. Nyumbani kwa mtoto alikwenda kwa miadi mwezi Agosti na mwezi Oktoba 1999, na mlezi akapata nafasi ya kupanga nyumba na kumfundisha mtoto la kusema. Baadaye alirudi, akagonga mlango bila kujibiwa, na ikaandikwa kwamba huenda familia imehama. Yamkini mtoto alikuwa hatua chache tu nyuma ya mlango ule. Jalada lake lilifungwa rasmi tarehe 25 Februari 2000, siku ile ile aliyokata roho.

Chukua hesabu ndogo. Ikiwa juma la kazi ni saa 40, mwenye mashauri 12 ana saa tatu na dakika ishirini kwa kila moja. Mwenye mashauri 19 anabakiwa na saa mbili na dakika chache. Katika saa hizo mbili mna safari ya kwenda na kurudi, mna vikao, mna kwenda mahakamani, mna kuandika taarifa na kujibu barua za wakubwa. Kinachosalia baada ya hapo ndicho cha mtoto. Na ni sharti ifahamike kwamba mtoto aliyeumizwa hasemi siku ya kwanza. Husema siku ya tatu au ya nne, baada ya kumzoea mtu, pengine wakati mlezi ametoka kuteka maji. Afisa asiyekuwa na siku ya nne hatasikia kitu, hata awe na moyo mwema na shahada mbili.

Walimu wanalielewa jambo hili kuliko mtu yeyote. Kiwango kinachokubaliwa nchini kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mwalimu aliyewahi kusimama mbele ya watoto 120 anajua kwamba hafundishi tena, bali analinda utulivu. Daftari hazisahihishwi ipasavyo, na mtoto mkimya wa nyuma hujulikana jina mwisho wa mwaka. Wala hapana anayemwita mwalimu huyo mvivu. Hata hivyo afisa wa ustawi wa jamii akishindwa chini ya mzigo wa namna hiyo hiyo huitwa mzembe, na gazeti linaloandika hivyo huuzwa sana siku hiyo. Yule afisa wa Haringey alifukuzwa kazi na kupigwa marufuku kufanya kazi na watoto, mpaka baraza la rufaa lilipoiondoa marufuku hiyo mwaka 2005. Makosa alikuwa nayo na hayafichiki. Lakini Lord Laming alielekeza lawama kubwa zaidi kwa wakuu wa idara, ambao aghalabu walidai kwamba hawakujua yaliyokuwa yakitendeka mezani kwa watu wa chini yao. Wengine miongoni mwao walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye vyeo vingine.

Tena taarifa hiyo iligundua jambo ambalo kila mhasibu wa halmashauri angelisoma mara mbili. Mitaa ya Brent na Haringey haikuwa imekosa fedha kabisa. Ilitumia kwa huduma za watoto kiasi pungufu ya kile ambacho Serikali Kuu ilikadiria kwa kazi hiyo. Fedha zilikwenda kwenye mambo mengine yenye watetezi wenye sauti. Mtoto hana sauti kwenye kikao cha bajeti, na afisa wake ni mtu wa daraja la chini asiyealikwa.

Marekani nako kumepatikana somo, la namna tofauti kidogo. Katika wilaya ya Milwaukee, jimbo la Wisconsin, uchunguzi ulifuatilia watoto walioingia chini ya uangalizi wa dola kati ya mwaka 2003 na 2004. Waliobaki na afisa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, zaidi ya 74 kati ya kila 100 walipata makao ya kudumu, ama kwa kurudi kwa wazazi ama kwa familia mpya. Waliobadilishiwa afisa mara moja tu, hawakuzidi 18 kati ya 100. Takwimu hizo zisipokelewe kama neno la mwisho, maana mtoto mwenye shauri gumu hukaa muda mrefu na kwa hiyo huwapitia maafisa wengi. Lakini hata ukipunguza nusu ya tofauti hiyo, bado inatisha. Na maafisa huacha kazi kwa sababu gani? Mishahara ni mojawapo. Nyingine ni mzigo: anayebeba mashauri mengi huchoka na kuondoka, naye akiondoka mashauri yake hugawanywa kwa waliobaki, ambao nao huanza kutafuta mlango.

Sasa yaangaliwe ya hapa nyumbani. Tanzania haikosi sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa Tanzania Bara, na ile ya Zanzibar ya mwaka 2011, ni sheria nzuri. Ile ya Bara inaipa kila serikali ya mtaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Inamtaka mwananchi anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa. Inamweka afisa ustawi wa jamii katikati ya kila kitu: yeye apokee taarifa, yeye afike nyumbani, yeye aiandikie mahakama taarifa ya uchunguzi kabla ya hakimu kuamua mtoto akae na nani. Wala nchi haikukosa mahali pa kumfundisha afisa huyo, kwani chuo cha ustawi wa jamii kilichoko Kijitonyama, Dar es Salaam, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, wakati Taifa lilipokuwa na umaskini mkubwa zaidi kuliko leo.

Upungufu uko penginepo. Sheria iliongeza kazi, lakini ikama haikuongezwa kwa kadiri hiyo hiyo. Afisa wa wilaya hashughulikii watoto peke yao. Asubuhi ana mume na mke waliogombana juu ya matunzo. Anayefuata ni mzee asiye na uwezo anayeomba msamaha wa gharama za matibabu, kisha mlemavu anayetafuta kiti cha magurudumu, kisha kituo cha kulelea watoto mchana kinachotakiwa kukaguliwa. Saa nane polisi wanaleta mtoto aliyeokotwa stendi. Kata iliyo mbali na makao makuu ya wilaya itangoja mpaka lipatikane gari, na gari ni la idara nyingine.

Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa nchi nzima juu ya ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2011. Karibu wasichana 3 kati ya kila 10 walieleza kwamba kabla ya kutimiza miaka 18 walikwisha kufanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja, na mvulana 1 kati ya kila 7. Walio wengi hawakufikiwa na huduma yoyote. Tangu wakati huo umefanyika uhamasishaji mkubwa, na ni sahihi kufanyika. Simu ya watoto namba 116 inajulikana. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto ziliundwa chini ya mpango wa taifa ulioanza mwaka 2017. Lakini uhamasishaji una matokeo yake: watu wakihamasika husema, na wakisema lazima awepo wa kuwasikiliza. Kuwaambia wananchi walete taarifa bila kuongeza wanaozipokea ni sawa na kujenga barabara nne zinazokutana kwenye kivuko cha mtumbwi mmoja. Na mtoto aliyethubutu kusema, kisha hakumwona mtu yeyote, anarudishwa nyumbani kwa yule yule aliyemsema.

Husemwa kwamba wanakamati wa kujitolea watajaza pengo hilo. Mchango wao ni mkubwa, kwa kuwa wao ndio wanaojua nyumba ipi ina kilio usiku. Lakini mwanakamati anaishi jirani na mtuhumiwa, anachota maji kisima kimoja naye, na pengine ni shemeji yake. Kumwachia yeye uamuzi wa kumtoa mtoto katika nyumba ni kumwonea. Anapaswa kuwa macho na masikio ya afisa mwenye mamlaka, na afisa huyo sharti awepo.

Wengine husema nchi maskini haiwezi kuweka kikomo cha mashauri kama London. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama kungetakiwa kuiga tarakimu ya London. Inayotakiwa ni tarakimu yoyote, maadamu imewekwa kwa kupima kazi yenyewe na ikaheshimiwa. Kikomo kikiwepo, afisa anayepewa shauri linalozidi ana haki ya kuandika kwa mkuu wake kwamba hili sitaliweza, na mkuu anabaki na karatasi mkononi. Bila kikomo hapana anayejua nani amezidiwa, mpaka siku mtoto anapokufa. Isitoshe, Haringey ilikuwa na kikomo na ikakipuuza. Kwa hiyo tarakimu ukutani peke yake haimlindi mtu. Panahitajika pia msimamizi anayesoma jalada badala ya kutia sahihi tu, afisa mpya asipewe mashauri mazito kabla hajaongozwa, na kazi za misamaha ya matibabu na za ukaguzi zitengwe ili yule wa watoto abaki na watoto.

Halmashauri nyingi nchini zinaongozwa na madiwani wa Chama Cha Mapinduzi. Kwa sababu hiyo Chama hakina wa kumsukumia jambo hili. Zahanati na barabara huonekana na hufunguliwa kwa ngoma. Nyongeza ya maafisa wawili wa ustawi wa jamii haifunguliwi na mtu. Hata hivyo ikama hupangwa kabla ya bajeti, maombi ya vibali vya ajira huanzia halmashauri, na wilaya isiyoomba haipewi.

Maombi hayo nayo yanahitaji ushahidi, na hapa ndipo mwalimu anapoingia. Victoria, kabla ya kupelekwa London, alikaa kwa muda Ufaransa, na huko alisoma. Mapema mwaka 1999 ilikuwa ni shule iliyoona utoro wake na kutoa taarifa kwamba mtoto huyu yuko hatarini. London hakuwapo mwalimu wa kuona. Mwalimu wa Tanzania anaona: mtoto anayesinzia kila Jumatatu, anayevaa sweta wakati wa joto, anayekataa kengele ya kwenda nyumbani. Aghalabu humweleza afisa kwa mdomo, kwa simu, kwa kukutana njiani, na maneno hayo hayahesabiwi popote. Taarifa na iandikwe, iwe na tarehe, nakala ibaki shuleni, na siku ya kujibiwa nayo iandikwe pembeni. Baada ya mwaka mmoja Mwalimu Mkuu atakuwa na orodha inayoonyesha taarifa ngapi zilipelekwa, ngapi zilijibiwa na baada ya siku ngapi. Afisa Elimu Kata akikusanya orodha za shule zote za kata, diwani atakuwa na kitu cha kuweka mezani siku ikama inapojadiliwa.